Uvujaji wa Mawimbi ya Redio katika Mikondo Jirani: Upimaji Wake na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Kalamba ni mahali pa wakulima katika Kaunti ya Makueni, kusini mwa nchi ya Wakamba. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda, na embe ndilo zao kuu linalokiendesha. Ardhi ya sehemu hizo ni kavu, na mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya miezi ya Oktoba hadi Desemba. Katika mazingira kama hayo redio si pambo la nyumba. Kwayo mkulima husikia utabiri wa mvua, bei ya mazao, tangazo la chanjo ya mifugo na taarifa ya mazishi ya jamaa aliye mbali. Aghalabu husikia yote hayo kwa Kikamba, katika vituo kama Musyi FM na Mbaitu FM, au, kwa upande wa Kibwezi, katika redio ya kijamii ya Mang'elete iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake. Neno musyi lenyewe maana yake ni nyumbani.

Na ichukuliwe sasa kwamba msikilizaji mmoja wa Kalamba amefungua redio yake jioni, na sauti ya kituo anachokitaka inakatwakatwa na muziki wa kituo kingine kilicho karibu nacho katika mstari wa redio. Akilalamika kwa Kiswahili, atasema kwamba "stesheni zinaingiliana". Maneno hayo yanaeleweka na watu wote. Hata hivyo, hayasemi kosa ni la nani. Huenda mtambo wa kituo jirani unatoa nguvu nje ya mpaka wake. Huenda redio ya msikilizaji ndiyo dhaifu. Huenda pia mitambo yote miwili ni mizima, na redio ni nzima, ila mpangaji wa masafa aliviweka vituo hivyo karibu mno. Kila hali ina dawa yake, na kila dawa ina mtu wake wa kuigharimia.

Makala haya yanakusudia kueleza namna wahandisi wanavyopima nguvu inayovuja kutoka mkondo mmoja wa redio na kuingia mkondo wa jirani, kwa kutumia chombo kiitwacho kichanganuzi cha spektra. Pamoja na hayo, yanakusudia kuonyesha kwamba upimaji huo hauwezi kuelezwa sawasawa kwa Kiswahili mpaka neno moja linalotumiwa sasa kwa mambo yote ligawanywe.

MKONDO NA MPAKA WAKE

Matangazo ya FM yametengewa masafa kuanzia megahezi 87.5 hadi 108. Mpango unaofuatwa katika Afrika ulikubaliwa Geneva mwaka 1984, na ndani yake vituo hupangwa kwa hatua za kilohezi 100. Nchini Kenya kazi ya kugawa masafa hayo iko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba wimbi la FM si mstari mwembamba. Sauti inapoingizwa katika wimbi, masafa ya wimbi hilo hupanda na kushuka kuzunguka masafa ya katikati, na kiasi kinachoruhusiwa ni kilohezi 75 kila upande. Kwa kanuni inayojulikana kwa jina la mhandisi Carson, upana unaochukuliwa na matangazo hupatikana kwa kujumlisha kiasi hicho na masafa ya juu kabisa ya sauti inayoingizwa, kisha kuzidisha mara mbili. Matangazo ya sauti moja, ambayo masafa yake ya juu ni kilohezi 15, huchukua takriban kilohezi 180. Matangazo ya stirio, ambayo hufika kilohezi 53, huchukua takriban kilohezi 256. Kwa hiyo hatua ya kilohezi 100 ni ya kuhesabia tu. Vituo vinavyosikika katika eneo moja hapana budi viachiwe nafasi kubwa zaidi.

Jambo la pili ni kwamba upana huo hauishi ghafla kama ukuta. Nguvu hupungua kadiri mtu anavyotoka katikati, lakini haikatiki kabisa. Wakulima wa Ukambani wana mfano mzuri wa hali hii mashambani mwao. Katika matuta ya fanya juu mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mlima na kutupa udongo upande wa juu, ili tuta lizuie maji na udongo. Mvua ya kawaida huzuiwa. Mvua kubwa ikija, au tuta likiwa limelegea, maji kidogo hupita na kuingia shamba la chini. Swali la mwenye shamba la chini si kama maji yamepita au hayakupita, bali ni kiasi gani kimepita kikilinganishwa na kile kilichozuiwa. Swali la mpimaji wa redio ni hilo hilo.

CHOMBO NA KIPIMO

Kichanganuzi cha spektra ni chombo chenye kioo. Mstari wa chini wa kioo huonyesha masafa, kutoka ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Mstari wa wima huonyesha nguvu. Ndani ya chombo mna chujio ambalo hupitishwa polepole juu ya masafa yote yaliyochaguliwa, mithili ya mtu anayetazama ukuta mrefu kupitia tundu. Kila mahali linapofika, chombo huandika nguvu iliyopita katika tundu hilo. Matangazo ya FM huonekana kama kilima, na uvujaji huonekana kama mabega ya kilima hicho yanayotandaa hadi katika eneo la jirani.

Nguvu huandikwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakisemi kiasi, bali husema uwiano. Desibeli 10 ni mara kumi, desibeli 20 ni mara mia, na desibeli 30 ni mara elfu. Ikisemwa kwamba nguvu iliyovuja iko desibeli 30 chini ya ile ya mkondo wenyewe, maana yake ni sehemu moja katika elfu. Ili uwiano ugeuzwe kuwa kiasi, hutajwa kipimo cha kuanzia, ambacho kwa kawaida ni miliwati moja.

Upimaji wenyewe una hatua nne. Kwanza, mpimaji huchukua sampuli ya nguvu kutoka katika waya unaopeleka mawimbi kwenye antena, kwa kifaa kinachopunguza nguvu ili chombo kisiungue. Pili, hujumlisha nguvu yote iliyomo katika mkondo wa kituo chenyewe. Tatu, hujumlisha nguvu yote iliyomo katika mkondo wa jirani, kwa upande wa juu na upande wa chini. Nne, hutoa moja kutoka kwa nyingine. Jibu ni uwiano wa uvujaji.

Uwiano huo hutumiwa katika huduma nyingi. Katika simu za mkononi za kizazi cha nne, mtambo wa mnara hutakiwa uzuie nguvu inayokwenda mkondo jirani hadi desibeli 45 chini, yaani takriban sehemu moja katika elfu 32. Simu yenyewe hutakiwa desibeli 30. Katika FM, sheria za nchi nyingi hutumia umbo la mpaka badala ya uwiano mmoja. Marekani, kwa mfano, hutaka nguvu iwe imeshuka desibeli 25 kati ya kilohezi 120 na 240 kutoka katikati, desibeli 35 kati ya kilohezi 240 na 600, na zaidi ya hapo ishuke kwa kiasi kinachotegemea ukubwa wa mtambo. Mtambo wa wati 5,000 hutakiwa desibeli 80.

MAKOSA YA UPIMAJI

Chombo hicho hakidanganyi, ila hujibu swali aliloulizwa tu, na wapimaji wengi huuliza swali lisilo kamili. Makosa manne yanafaa kuelezwa.

Kosa la kwanza ni kutaja nguvu bila kutaja upana. Tuseme chujio la chombo lina upana wa kilohezi 1, na katika eneo la jirani linasoma desibeli 80 chini ya miliwati. Mtu akiiandika namba hiyo kuwa ndiyo uvujaji, amekosea, kwa sababu mkondo wa jirani una upana wa kilohezi 180, na kila kilohezi kina sehemu yake. Ikiwa nguvu imeenea sawasawa, jumla yake ni mara 180 ya kile kilichosomwa. Ongezeko hilo ni desibeli 22.6, na uvujaji wa kweli ni desibeli 57.4 chini ya miliwati. Wapimaji wawili wenye machujio tofauti wanaweza kubishana siku nzima ilhali wote wawili wamesoma sawa.

Kosa la pili ni kukilemea chombo. Nguvu inayoingia ikizidi uwezo wake, chombo chenyewe huzaa mawimbi ambayo hayapo hewani, na mpimaji humshtaki jirani kwa kosa lililotendwa ndani ya sanduku lake mwenyewe. Njia ya kulijua kosa hili ni rahisi. Mpimaji huweka kipunguzi cha desibeli 10 mbele ya chombo. Wimbi la kweli hushuka desibeli 10. Wimbi la uongo la aina iliyo kawaida zaidi, yaani lile la mchanganyiko wa daraja la tatu, hushuka karibu desibeli 30.

Kosa la tatu ni kuisahau kelele ya chombo. Hata kisipounganishwa na kitu, chombo husoma kiasi fulani cha nguvu kinachotoka katika sehemu zake za umeme. Kelele hiyo ikiwa desibeli 98 chini ya miliwati, na mpimaji akasoma desibeli 95 chini, nusu ya nguvu aliyoisoma ni ya chombo chenyewe.

Kosa la nne ni la haraka. Upana wa FM hubadilika kwa kufuata sauti. Msomaji wa habari mwenye sauti ya utulivu hachukui nafasi sawa na wimbo wenye ngoma nzito. Mtu akipima kwa dakika moja wakati wa habari, atasema mtambo ni mzima. Akirudi wakati wa muziki, atakuta mabega mapana. Kwa hiyo chombo huachwa kwa muda mrefu kikihifadhi kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa katika kila masafa.

Kosa hili la nne linagusa pia chanzo cha uvujaji wenyewe. Kituo kinachotaka kusikika kwa kishindo kuliko wenzake hukaza sauti kabla ya kuirusha, na masafa yakapita kilohezi 75 zilizoruhusiwa. Chanzo kingine ni mitambo miwili inayotumia mlingoti mmoja bila machujio ya kutosha. Nguvu ya mmoja huingia katika mwingine na kuzaa mawimbi mapya. Mitambo ya megahezi 105 na 107, kwa mfano, huweza kuzaa wimbi la megahezi 109, kwa kuwa mara mbili ya 107 ukitoa 105 ni 109. Masafa hayo si ya redio tena. Yamo katika eneo linaloanzia megahezi 108, ambalo ni la vyombo vya kuongozea ndege. Hapo uvujaji huacha kuwa udhia wa msikilizaji na kuwa hatari ya maisha.

HESABU YA MSIKILIZAJI

Yaliyoelezwa mpaka sasa hupimwa kwenye mtambo. Msikilizaji wa Kalamba hana mtambo. Ana antena ya redio yake tu. Kwa upande wake Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu umetoa pendekezo liitwalo BS.412, ambalo linaeleza ni nguvu kiasi gani inayotakiwa ifike kwake, na nguvu hiyo iizidi ya jirani kwa kiasi gani.

Kwa stirio katika sehemu za mashambani, nguvu ya uga inayotakiwa ni desibeli 54 juu ya mikrovolti moja kwa mita, yaani karibu nusu ya milivolti kwa kila mita. Mpimaji huipata kwa kichanganuzi kile kile akiwa na antena inayojulikana sifa zake. Akisoma desibeli 63 chini ya miliwati katika chombo cha omu 50, huongeza 107 ili apate mikrovolti, nayo ni 44. Kisha huongeza 8 za antena na 2 zilizopotea katika waya, akapata 54.

Kuhusu jirani, pendekezo hilo linasema kwamba katika stirio kituo kinachotakiwa lazima kimzidi jirani aliye umbali wa kilohezi 100 kwa desibeli 33. Jirani wa kilohezi 200 lazima azidiwe kwa desibeli 7. Jirani wa kilohezi 300 anaruhusiwa kuwa na nguvu zaidi kwa desibeli 7, na wa kilohezi 400 kwa desibeli 20.

Na sasa ufuate mfano wa kubuni. Kituo cha kwanza kinafika Kalamba kwa desibeli 54. Kituo cha pili, kilicho kilohezi 200 kutoka kwake, kinafika kwa desibeli 60. Cha kwanza kilipaswa kuzidi kwa 7, nacho kimezidiwa kwa 6. Upungufu ni desibeli 13, na msikilizaji atasikia vurugu. Lau kituo cha pili kingehamishiwa kilohezi 400, nguvu yake ile ile isingedhuru kitu, na ingebaki akiba ya desibeli 14. Katika mfano huu mtambo wa pili waweza kuwa haujavunja sheria hata moja ya uvujaji. Aliyekosea ni mpangaji.

Itajulikanaje basi, mtu akiwa Kalamba, kama kosa ni la mtambo, la redio au la mpangaji? Jaribio moja hutoa mwanga mkubwa. Redio ya kawaida huondolewa, na mahali pake huwekwa kipokezi chenye uchujaji mkali. Vurugu zikitoweka, nguvu ya jirani ilikuwa nje ya mkondo, na redio ya kawaida ilishindwa kuizuia. Vurugu zikibaki, na hapana kituo kingine katika masafa hayo hayo, basi nguvu hiyo imo ndani ya mkondo unaosikilizwa, na hapana chujio lolote la msikilizaji litakaloweza kuitoa bila kuitoa na sauti anayoitaka. Maji yaliyokwisha kuingia shambani na kuchanganyika na maji ya mwenyewe hayatengwi tena. Dawa yake iko kwenye tuta la juu. Baada ya jaribio hilo ndipo mpimaji anapokwenda kwenye mtambo na kuthibitisha kwa hatua nne zilizotajwa.

SUALA LA ISTILAHI

Neno linalotumiwa zaidi kwa hali hizi zote ni mwingiliano. Limetokana na kitenzi ingia, likapata kiambishi cha kutendea na kile cha kutendana. Ni kweli kwamba kiambishi -an- katika Kiswahili hakileti maana ya kutendana kila mara. Hata hivyo, maana hiyo ndiyo inayomjia msikiaji kwanza. Kikamba nacho kina kiambishi hicho hicho, kama katika kwendana, yaani kupendana. Kwa hiyo Mkamba anayesema Kiswahili hana sababu ya kulisikia vingine. Inaposemwa kwamba vituo viwili vinaingiliana, lugha imekwisha kutoa hukumu kwamba kila kimoja kinamwingilia mwenzake, na kwamba lawama ni nusu kwa nusu. Katika mifano iliyotolewa hapo juu hukumu hiyo si ya haki hata mara moja.

Yafaa basi neno mwingilio, lisilo na kiambishi cha kutendana, liwe jina la jumla la hali ya wimbi moja kusikika mahali pa jingine. Chini yake yawekwe maneno matatu. La kwanza ni uvujaji, kwa nguvu ambayo mtambo wenyewe huitoa nje ya mkondo wake. Kitenzi chake kina faida kubwa: nguvu huvuja, lakini mtambo huvujisha, na hivyo mwenye wajibu hutajwa waziwazi. Neno umwagikaji halifai, maana kinachomwagika huwa kimetoka kwa wingi, ilhali hapa kinachozungumzwa ni sehemu ndogo. La pili ni ulegevu wa kipokezi, kwa redio isiyoweza kuizuia nguvu iliyo nje ya mkondo. La tatu ni kulemewa, kwa redio au chombo kinachozaa mawimbi ya uongo kwa kuzidiwa na nguvu. Kosa la mpangaji halihitaji neno jipya. Ni ufinyu wa nafasi.

Maneno mawili mengine yanahitaji uangalifu. Masafa asili yake ni umbali, na bado hutumiwa hivyo. Katika maandishi ya redio ni bora neno hilo liachiwe maana yake ya utangazaji, na kwa kilomita litumike umbali. Mkondo nao hutumiwa katika fizikia kwa umeme unaopita katika waya. Pale ambapo maana zote mbili hukutana, iandikwe mkondo wa masafa na mkondo wa umeme. Chaneli limezoewa katika televisheni, wala halina ubaya, lakini halizai maneno mengine kwa urahisi, na halimsaidii msomaji kuona kwamba kuna kitu kinachoweza kuvuja.

Huenda akatokea wa kusema kwamba maneno ya kawaida kama kuvuja na kulegea ni duni kwa sayansi. Historia ya Ukambani wenyewe inampinga. Maneno fanya juu yalikuwa maelezo ya kazi ya jembe, nayo leo yamo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, bila kutafsiriwa. Yalifika huko kwa sababu yalitaja kitendo kwa usahihi.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba uvujaji katika mkondo jirani ni uwiano wa nguvu mbili, kila moja ikiwa na upana uliotajwa. Kwamba chombo kisipoangaliwa huweza kumshtaki asiye na kosa. Na kwamba hata upimaji sahihi wa mtambo haumalizi kesi ya msikilizaji, kwa kuwa redio na mpangaji nao wana sehemu zao. Imeonyeshwa pia kwamba neno mwingiliano huyafunika mambo hayo yote kwa pamoja.

Msikilizaji wa Kalamba anayekosa kusikia siku ya mvua au jina la aliyefariki hana kichanganuzi cha spektra, wala hatarajiwi kuwa nacho. Alicho nacho ni lugha ya kupelekea malalamiko yake. Lugha hiyo ikimwezesha kuuliza, "Je, mtambo unavujisha, au redio yangu ni legevu, au nafasi ni finyu?" aliye ofisini atalazimika kupima kabla ya kujibu.